Lenzi Kuukuu za Studio Zisiuzwe kwa Kilo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzetu aliyeandika hivi majuzi kwamba picha za wadudu na mawe, zile zinazoonyesha kila unywele na kila chembe, ni kazi ya watu wenye vifaa vya maelfu ya dola, na kwamba kijana wa Lubumbashi anayeitamani kazi hiyo afadhali atafute nyingine mapema. Juu ya bei sina ubishi naye. Lenzi mpya iliyoundwa mahususi kwa kupigia vitu vidogo huuzwa dola mia kadhaa, na mwalimu wa sekondari atakayeinunua ajue kwamba nyumbani kwake watakula bukari, yaani ugali, kwa chumvi muda mrefu. Ninachokataa ni hitimisho lake. Lenzi ya kawaida, hata iliyotengenezwa miaka 40 iliyopita, ikifungwa kwenye kamera nyuma mbele, hukikuza kitu kidogo kwa kiwango ambacho lenzi nyingi za bei kubwa hazikifikii. Na lenzi za namna hiyo tunazo hapa mjini: zimelala katika makabati ya studio zilizofungwa, na nyingine, ninapoandika barua hii, huenda zinapimwa kwenye mizani pamoja na sufuria zilizotoboka.

Hili la mizani sikulisikia kwa watu. Baba yangu mdogo alikuwa na studio ya picha katika komini ya Kenya, mojawapo ya mitaa ya mji wetu, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti kirefu cha kukalia maharusi, na nyuma yake chumba cha giza chenye taa nyekundu, ambamo sisi watoto tuliruhusiwa kuingia baada ya kuahidi kwamba hatutagusa kitu. Kamera za dijitali zilipokuja wateja walipungua. Simu zilipokuja wakaisha. Alipofariki, mama mdogo aliniita nimsaidie kuondoa vitu ili chumba kipangishwe, nami nikachelewa siku moja. Nilimkuta mlangoni kijana mnunuzi wa vyuma chakavu, nyundo mkononi, akivunja vioo vya lenzi ili abaki na magamba yake ya aluminiamu na shaba, kwa kuwa wale wanaosubu sufuria hawalipi uzito wa kioo. Alikuwa ameshamaliza tatu. Nilipomuuliza kama anajua anachokivunja, alinijibu kwa adabu kabisa: "Papa, kwetu sisi hii ni aluminiamu. Kioo ni hasara yetu." Nililipa bei ile ile ya kilo kwa zilizosalia: moja ya milimita 50, moja ya milimita 28, moja ndefu ya milimita 135, na ile ndogo iliyokuwa kwenye mashine ya kukuzia picha katika chumba cha giza, niliyoongezewa bure. Zote nne hazikufikia bei ya kuku.

Siku hiyo hiyo mama mdogo alinifundisha, bila kukusudia, jambo ambalo vitabu vingelieleza kwa michoro mingi. Aliichukua ile ya milimita 50, akaweka upande wa mbele jichoni na upande wa nyuma karibu na boksi la dawa zake, akasoma maandishi madogo ambayo miwani yake ilikuwa imeshindwa kuyafikia. Alikuwa akifanya hivyo tangu mume wake yu hai. Lenzi ya milimita 50 ikishikwa namna hiyo ni kioo cha kukuza mara 5, na cha ubora ambao vile vya plastiki vinavyotembezwa sokoni haviwezi kuukaribia.

Katika kitendo hicho imo sababu yote ya jambo ninaloliandikia. Lenzi ya kawaida imeundwa itazame kitu kikubwa kilicho mbali, tuseme mtu aliyesimama hatua tano mbele yako au lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya madini, na mlima wake wa masalia, kisha ikishushe kiwe picha ndogo kwenye sensa, yaani bamba la ndani ya kamera linalopokea mwanga, ambalo liko sentimita chache tu nyuma yake. Upande wake wa mbele umezoea umbali. Upande wake wa nyuma umezoea ukaribu. Unapotaka kupiga kichwa cha siafu, mambo yanapinduka: kitu ni kidogo na kiko karibu, picha inayotakiwa ni kubwa kuliko kitu chenyewe, na umbali mrefu sasa uko ndani, kati ya lenzi na sensa. Ukiilazimisha lenzi ifanye kazi hiyo ikiwa imetazama mbele kama kawaida yake, kwanza itakataa kusogea karibu kiasi unachotaka, na ukiilazimisha kwa kuisogeza mbali na kamera, pembe za picha huchafuka, kwa kuwa vioo vyake havikupangwa kwa hesabu hiyo. Ukiigeuza, kila upande unarudi kwenye kazi uliyoumbiwa. Upande wa nyuma, uliozoea kuwa karibu na sensa, sasa uko karibu na siafu. Na kwa sababu hiyo hiyo siafu hulazimika kukaa mbele yake kwa umbali unaokaribia ule uliokuwapo zamani kati ya lenzi na sensa, ambao katika kamera nyingi za kioo cha kuakisi, zile zenye kioo ndani kinachopeleka picha jichoni, ni sentimita 4 au zaidi kidogo.

Lenzi fupi ndiyo hukuza zaidi, jambo linalowashangaza wapiga picha wa harusi, ambao wamezoea kwamba lenzi ndefu ndiyo inayoleta kitu karibu. Ile ya milimita 50 ikigeuzwa hutoa picha yenye ukubwa unaokaribia 1 kwa 1: sensa ya kamera nyingi zinazotumika hapa mjini ina upana wa milimita 22 au 23, kwa hiyo mdudu mwenye urefu huo anaijaza picha yote kutoka ukingo hadi ukingo. Ile ya milimita 28 hupita mara 2, na hapo punje moja ya mahindi inatosha kuijaza picha. Hata lenzi ndogo inayokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikigeuzwa hukuza mara 3 au zaidi ikiwa kwenye 18, ingawa kwa kipimo hicho inataka kumgusa mdudu pua.

Kinachohitajika kununuliwa ni pete moja ya chuma. Upande mmoja ina hesi inayoingia mbele ya lenzi, mahali ambapo watu hufunga vichujio; upande wa pili ina meno yanayoshika kamera kama lenzi inavyoshika. Namba ya hesi imeandikwa kwenye lenzi yenyewe, kando ya alama ya duara lililokatwa na mstari, na kwa lenzi za zamani mara nyingi ni 49, 52, 55 au 58. Mtu anamtajia muuzaji namba hiyo na aina ya kamera yake, basi. Yangu niliagiza kwa mfanyabiashara anayeleta bidhaa za China kupitia Kasumbalesa, mpakani, ikanifikia kwa dola 8. Anayeona nyingi achukue kifuniko cha plastiki cha kuzibia mdomo wa kamera, akitoboe katikati, na akigandishe kwa gundi kali kwenye fremu ya kichujio kilichovunjika kioo. Wala mtu asidhani kwamba huu ni ujanja wa vichochoroni: Nikon yenyewe ilitengeneza pete ya kugeuzia lenzi, iitwayo BR-2A, yenye hesi ya milimita 52.

Hapa ndipo uzee wa lenzi unapogeuka kuwa faida, na ningependa ndugu yetu msomaji apasome mara mbili. Lenzi ikigeuzwa haizungumzi tena na kamera. Kamera haiwezi kuiamuru ipanue au ifinye tundu lake la mwanga. Lenzi za zamani zina pete ya kuzungushwa kwa mkono, yenye namba 2.8, 4, 5.6, 8 na kuendelea (namba ikikua tundu hupungua), kwa hiyo hazina shida. Unazungusha, tundu linatii. Lenzi mpya nyingi hazina pete hiyo. Za Canon zinazoendeshwa kwa umeme zinahitaji hila: zikiwa bado zimefungwa kawaida, unachagua namba ya tundu, unabonyeza na kushikilia kitufe cha kuangalia kina cha ukali, yaani unene wa sehemu inayotoka kali, kisha unaifungua lenzi kitufe kikiwa bado kimebanwa, nayo inatoka na tundu lake vile vile. Zile za Nikon zisizo na pete zikifunguliwa hujifinya hadi mwisho, na inabidi ukipachike karatasi iliyokunjwa kijiti kidogo cha nyuma kisirudi. Yote hayo yanawezekana, nimeyafanya, lakini anayeanza atafute kizee chenye pete yake.

Kamera nyingine zikiona hazina lenzi hukataa kupiga. Ziwekwe kwenye M, yaani mpiga picha apange kila kitu mwenyewe, na zile zisizo na kioo cha kuakisi zina mahali ndani ya menyu pa kuruhusu kupiga bila lenzi.

Sasa niseme ugumu, nisije nikaonekana nauza pete. Ugumu mkubwa ni wembamba wa ukali. Katika picha ya ukubwa wa 1 kwa 1, tundu likiwa kwenye 8, sehemu inayotoka kali ina unene wa chini ya milimita 1. Ukikuza mara 2, inabaki kama robo ya milimita. Jicho la nzi likiwa kali, bawa lake ni ukungu. Kuzungusha pete ya kulengea hakusaidii sana. Unachofanya ni kusogeza kamera nzima mbele na nyuma, polepole, kwa kuinamisha mwili kama mtu anayesikiliza siri, na kubonyeza pale jicho linapong'aa. Mimi huegemeza kiwiko kwenye tofali. Picha 20 nikipata 3 zinazofaa, siku imekwenda vizuri. Ugumu wa pili ni mwanga, kwa kuwa kadiri unavyokuza ndivyo lenzi inavyokula mwanga: kwa ukubwa wa 1 kwa 1, tundu la 8 hufanya kazi karibu kama la 16, yaani linabaki na robo tu ya mwanga uliotarajia. Na ukilifinya zaidi kwa tamaa ya kuongeza kina, hadi 16 au 22, picha yote inalegea, kwa tabia ya mwanga wenyewe unapopita kwenye tundu dogo. Basi flashi inahitajika, lakini flashi ya juu ya kamera humwangukia mdudu na kivuli cha lenzi. Mimi nilikata ubavu wa bidoni jeupe la lita 5, nikalikunja liwe kama paa kutoka kwenye flashi hadi ncha ya lenzi, na mwanga ukawa laini kama wa asubuhi yenye mawingu.

Kuhusu asubuhi, mji wetu una zawadi ambayo wapiga picha wa pwani hawana. Tuko juu, kwenye mita 1,200 hivi, na mwezi wa sita na wa saba alfajiri ni baridi kiasi cha watu kuota moto wa makaa mlangoni. Mdudu hana moto wa makaa. Kereng'ende na panzi waliolala kwenye majani kando ya mto Kafubu hukaa wameganda, wamejaa umande, hadi jua liwapashe, na kwa saa nzima unaweza kusogea hadi sentimita zile 4 bila yeyote kuruka. Jua likishapanda, lenzi iliyogeuzwa haimfai mtu anayefukuza vipepeo.

Msimu huo huo ndio ulioniponza. Kamera niliyoanzia haikuwa yangu. Niliiazima kwa jirani anayepiga picha za harusi, kwa ahadi ya kuirudisha Ijumaa jioni. Siku ya Alhamisi nilibadilisha lenzi katikati ya uwanja wa shule, mdomo wa kamera ukiwa wazi juu, na vumbi letu jekundu la kiangazi likiwa hewani. Jumapili jirani alinijia na kompyuta yake. Katika kila picha ya bibi harusi, kwenye gauni jeupe, kulikuwa na madoa matano, mahali pale pale. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, wadudu wako wamekuja harusini." Nililipa gharama ya kusafisha sensa, na tangu siku hiyo pete naifungia ndani ya nyumba, kamera ikitazama chini. Ikumbukwe pia kwamba lenzi iliyogeuzwa imeacha kioo chake cha nyuma wazi, nacho hakikuumbwa kikutane na miiba wala vidole. Nilichukua kifuniko cha nyuma cha lenzi, nikakata kitako chake, nikakifunga tena. Sasa kinasimama kama ukosi kuzunguka kioo.

Tukizungumzia faida, nitatoa mifano miwili ya hapa hapa, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Wa kwanza ni wa shamba la shule. Mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa kimo cha magoti, wanafunzi waliniletea viwavi katika kopo la nyanya. Kulikuwa na mabishano: mmoja alisema ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyetoka Amerika na kuripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, mwingine alisema ni funza wa bua, ambao babu zetu waliwajua. Tofauti si ya jina tu, kwa kuwa mmoja hujificha kwenye moyo wa mhindi na mwingine hutoboa bua, na anayenyunyizia dawa pasipo kujua ananyunyizia hasara. Picha za simu zilitoa kitu kama kipande cha uzi wa kahawia. Tuliweka kiwavi juu ya jani, jani juu ya meza, nikamsogelea na ile ya milimita 28 iliyogeuzwa. Kichwa chake, ambacho kwa macho ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kilionekana kimefunikwa na wavu wa mistari ya kahawia, na katikati ya paji la uso kulikuwa na Y iliyopinduliwa, nyeupe, imenyooka kana kwamba imechorwa kwa rula. Y peke yake haimalizi ubishi. Tukahamia karibu na mkia, kwenye pingili ya nane ya tumbo, na pale madoa manne meusi yalikuwa yamekaa pembe nne za mraba, kila doa limeinuka kama kichwa cha msumari na lina unywele mmoja katikati. Mwanafunzi aliyekuwa akishikilia bidoni la mwanga alisema, "Mwalimu, kumbe amesaini." Picha hizo mbili nilizituma kwa agronomi mmoja, mtaalamu wa kilimo, kwa WhatsApp, na jibu lilirudi kabla kengele ya mapumziko haijapigwa.

Wa pili ni wa malakiti, jiwe letu la kijani ambalo wageni wote hurudi nalo kwao likiwa limechongwa yai au sahani ya majivu. Mzazi mmoja alikuwa amenunua mkufu na ana shaka nao, kwa kuwa siku hizi kuna shanga za plastiki zenye mistari ya kijani zinazouzwa kwa jina hilo hilo. Kwa macho mikanda ni ile ile. Chini ya ile ya milimita 50, jiwe la kweli nililoliweka kando lilionyesha kwamba kila mkanda umefumwa kwa nyuzi nyembamba zilizosimama wima, zimebanana kama manyoya ya kitambaa cha mahameli, na mwanga ukisogezwa zinawaka na kuzima kwa zamu. Shanga za mkufu hazikuwa na uzi hata mmoja. Mikanda yake ilikuwa rangi tupu, na ndani yake vimo viputo viwili vya hewa, duara kabisa. Mzazi alinyamaza. Watoto wa mji huu huyajua madini kwa uzito na kwa bei, kobalti kwao ni vumbi jeusi la ndani ya gunia. Siku niliyowaonyesha picha ya kalsiti yenye kobalti kutoka upande wa Kolwezi, fuwele za rangi ya waridi zisizozidi milimita 2, walidai kwanza kwamba nimezipaka rangi.

Ndugu yetu msomaji atasema kwamba wanafunzi hawana hata kamera. Ni kweli, lakini wengi nyumbani kwao kuna simu. Lenzi ya milimita 50 ikiegemezwa mbele ya lenzi ya simu, upande wa mbele ukitazamana na simu na upande wa nyuma ukimtazama mdudu, hufanya kazi ile ile iliyokuwa ikiifanya kwenye jicho la mama mdogo. Pembeni kutakuwa na duara jeusi, nalo hukatwa baadaye. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walikwenda mbali zaidi: waliichukua lenzi ya simu moja, wakaigeuza mbele ya lenzi ya simu nyingine, na kwa mpango huo wakaweza kuhesabu chembe za damu na kutambua mayai ya minyoo. Simu zilizokufa hapa mjini zimejaa kwenye meza za mafundi, kila moja na lenzi yake.

Zile lenzi mbili nyingine zina habari fupi na ndefu. Fupi ni ya ile ya milimita 135: inafungwa kwenye kamera kawaida, kisha ya milimita 50 inageuzwa na kufungwa mbele yake, uso kwa uso, na ukuzaji ni ule unaopatikana kwa kugawanya 135 kwa 50, yaani mara 2.7. Mdomo wa kamera haukai wazi hata kidogo, jambo ambalo jirani yangu amelisifu. Habari ndefu ni ya ile ndogo ya mashine ya kukuzia picha, ambayo mnunuzi wa vyuma aliniongezea bure kwa kuwa ilikuwa nyepesi. Hiyo ndiyo iliyonizidi akili. Lenzi ya kamera imeundwa kwa ajili ya ulimwengu ulio mbali, lakini lenzi ya mashine ile iliundwa kwa ajili ya chumba cha giza: kazi yake ya maisha ilikuwa kuchukua kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36 na kukitandaza juu ya karatasi bapa, kali kutoka kona hadi kona, kwa umbali wa mkono. Ukiigeuza, umeiambia ifanye kazi yake ile ile, ila mahali pa filamu umeweka kichwa cha kiwavi, na mahali pa karatasi umeweka sensa. Ina pete ya tundu, haina chemchemi wala nyaya za kuharibika, na pembe za picha yake ni safi kuliko za zote tatu. Shida ni kwamba hesi yake hailingani na pete za kawaida, na yangu nimeifunga kwa kipande cha bomba la plastiki na utepe mweusi. Katika studio za zamani ilikuwapo angalau moja. Ndiyo inayotupwa ya kwanza, kwa sababu haifanani na lenzi. Inafanana na kifuniko cha kitu.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwanza kwa familia zenye studio zilizofungwa, za Kenya, Kamalondo, Katuba na kwingineko: kabla hamjamwita mwenye mizani, toeni lenzi kando, na mashine ya kukuzia msiifungue kwa nyundo. Kwa wakuu wa shule, ambao najua wanasubiri hadubini zilizoahidiwa, nasema kwamba lenzi ya studio haitachukua nafasi ya hadubini, haitaonyesha bakteria, lakini itafika mbali kuliko mchoro wa ubaoni. Na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao siwalaumu, kwa kuwa wanakula jasho lao: mkiona kioo cha mviringo chenye mng'ao wa zambarau au wa kahawia ya dhahabu, ulizeni mwalimu yeyote wa biolojia aliye karibu kabla ya kukipiga. Atawalipa zaidi ya msubu sufuria.

Anayepewa lenzi ya namna hiyo aikague hivi. Afungue tundu lote, aielekeze dirishani, atazame ndani. Vumbi kidogo si neno. Akiona nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi, huo ni ukungu, ambao msimu wetu wa mvua huulisha vizuri ndani ya makabati. Ukiwa pembeni tu picha haitaharibika, ila lenzi hiyo isihifadhiwe pamoja na nyingine, na ikae mahali pakavu penye mwanga. Kisha azungushe pete ya tundu na kuona kama majani yake ya chuma yanafunga na kufungua bila kusita. Mafuta juu ya majani hayo huyafanya yagande, lakini kwa lenzi iliyogeuzwa, ambayo tundu lake hubaki mahali pamoja, hata hilo si kasoro kubwa.

Zangu nne zote zilikuwa na vumbi, na ile ya milimita 28 ina mzizi mmoja wa ukungu ukingoni. Siku za kazi ziko kwenye sanduku la maabara ya shule, zimefungwa pamoja na mchele mkavu kwenye kitambaa. Ile ya milimita 50 huondoka Jumamosi na kurudi Jumatatu, kwa kuwa mama mdogo bado ana dawa zake, na maboksi bado yana maandishi madogo.

Wenu msomaji,

Mwalimu wa biolojia, komini ya Katuba, Lubumbashi